Mtaa Uliowashwa na Kiti

Baba yangu akikaa, mtaa unawaka. Akisimama, mtaa unazimika. Nikiwasimulia watu wa mjini wanacheka, na mimi naudhika, kwa sababu ni mwalimu wa fizikia na nimeapa kutosema uongo kuhusu umeme. Kuhusu mambo mengine sijaapa.

Jina langu ni Fidélie. Nafundisha darasa la tano la sekondari katika shule moja hapa Likasi, shule yenye ubao mzuri na betri moja tu ya kufanyia majaribio. Naishi na baba yangu, Papa Évariste, kwenye nyumba za zamani za kampuni kule Panda, zile zilizopangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Yetu ni ya kwanza, jirani na kabini ya umeme, kile kibanda cha transfoma. Mama alikwisha kufariki. Papa alifanya kazi maisha yake yote katika ukumbi wa elektrolisi, kule ambako shaba huogeshwa kwa umeme mpaka itakate, na alipostaafu alirudi nyumbani na nyonga mbovu ya kulia na tabia ya kutozungumza anapokula.

Zamani waya wa umeme wa mtaa wetu ulipita chini ya barabara, kama waya wa watu wote. Lakini mji wetu ni mji wa wachimbaji. Kila mtu ana mpwa mwenye koleo, na mpwa mwenye koleo akisikia kuna shaba ardhini haulizi shaba hiyo ina kazi gani. Waya ukachimbwa, ukaenda zake. Mtaa ukakutana, ukachanga, ukanunua waya mwingine, na ukapata wazo ambalo mpaka leo wanajivunia: waya upite ndani ya nyumba, chini ya sakafu za sebule, maana hakuna mwizi atakayechimba sebuleni huku mwenye nyumba anamtazama. Kiungo kikubwa, pale waya wa kabini unaposhikana na waya wa mtaa, kikawekwa chini ya sebule yetu. Arsène, fundi wa kuchomelea vyuma, alikifunga kwa utepe mweusi na sala fupi, akakifunika kwa bamba la simenti. Juu ya bamba tukaweka kiti cha Papa ili kilinde. Baada ya hapo Arsène alikwenda Kamatanda kuchimba, na hatujamwona tena.

Nayasema haya mapema ili muelewe kwamba hapakuwa na siri yoyote. Mtaa mzima ulijua kilichomo chini ya kile kiti. Wenyewe ndio walioshika majembe.

Mvua za kwanza zikanyesha, ardhi ikajisogeza kidogo, na Jumatatu moja umeme ukarudi Panda nzima isipokuwa kwetu. Kwetu ulikuja na kwenda. Mama Josée, mwenye mashine ya kusaga mahindi nyumba ya nne, alikuwa na foleni ya wateja hadi barabarani. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Mama Josée ni mwanamke ambaye macho yake hayalali. Alitoka nje, akatazama huku na huku, na kabla ya saa sita alikuwa ameshagundua kwamba mashine yake inakufa kila mara baba yangu anapokwenda chooni.

Alikuja kwetu na unga kwenye nyusi, akasimama mlangoni, akamtazama Papa jinsi mtu anavyomtazama mbuzi sokoni.

"Papa Évariste, simama kidogo."

Papa ni mtu wa adabu. Alisimama. Kule mashine ikanyamaza, wateja wakaguna.

"Ikala."

Papa akakaa. Mashine ikaanza.

"Simama tena. Ikala tena." Mama Josée alisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akafuta uso kwa kitenge. "Muzee, toka leo usilamuke tena mu hii kiti."

Ilipofika jioni sebule yetu ilikuwa imejaa. Wastaafu wenzake Papa walisema ni elektrolisi: mtu hawezi kuogelea katika umeme miaka yote hiyo asibaki nao kwenye mifupa. Pasta Rolly, ambaye kanisa lake liko mwisho wa mstari wetu na lina bafle, yaani spika, kubwa kuliko mimbari, alisema ni neema, na akauliza kama Papa angependa kubatizwa upya, kwa maji mengi safari hii. Wakatoliki wenzetu wakajibu kwamba ni rozari ya marehemu mama, ambayo Papa huiweka kwenye mfuko wa shati, na kwamba maji yasisogezwe karibu na umeme.

"Ni kiungo," nikasema. "Kiko chini ya kiti. Kimelegea. Papa akikaa, uzito unasukuma bamba, bamba linasukuma waya, waya zinagusana. Umeme ni safari ya kwenda na kurudi. Njia ikishikana pote, unapita. Ikikatika mahali pamoja tu, hata upana wa ukucha, haupiti popote. Basi."

Walinitazama kwa huruma.

"Madame Fidélie," akasema Mama Josée, "ile kiungo iko kule chini siku yote. Papa akienda, kiungo inabakia, courant inaenda. Papa akirudia, courant inarudia. Sasa nani njo analeta courant?"

Halikuwa swali la kijinga, na hilo liliniudhi zaidi. Nikasema basi tufungue sakafu tuone. Hapo huruma ikawaishia. Mara ya mwisho sakafu ilipofunguliwa, mvua iliingia na mtaa ukakaa gizani wiki na wiki. Sakafu haiguswi, wakasema. Mzee ndiye asiguswe, na asisimame.

Basi baba yangu akawa mtu mkubwa. Asubuhi watu waligonga mlango kabla hajaamka, wakamshika mikono, wakamsindikiza mpaka kitini. Kinyozi alimfuata nyumbani na kumnyoa bure. Nyumba hii ilileta bukari, ugali wetu, na kuku, nyumba ile bukari na samaki, nyingine ikaona aibu na kuleta mbuzi. Katekista alimletea komunyo. Nyuma ya kiti walitundika pazia na kuweka ndoo, na hiyo ndoo sitaizungumzia, ila niseme kwamba Papa alijifunza kuitumia bila nyonga yake kuondoka kwenye kiti, na siku ya kwanza alipofaulu watu wa nje walipiga makofi.

Alikuwa na uhuru wakati mmoja tu, yaani umeme ulipokatwa Panda nzima. Wenzetu waliposonya na kutafuta mishumaa, Papa alinyanyuka akitabasamu, akazunguka uani, akasalimia kuku, akanyoosha mgongo. Umeme ukirudi mtaa wa pili, sauti zilipaa kutoka kila dirisha, "Muzee, muzee, imekuya," naye akarudi mbio kwa ile nyonga yake, akishikilia suruali.

Yote hayo ningeyavumilia, kama si Jumamosi.

Kule Kakanda, mji wa mgodi, anaishi mjane mmoja, Mama Rosalie, mwenye kibanda cha chakula wanapokula wachimbaji. Yeye na Papa walikutana msibani, wote wawili wakiwa wamemzika rafiki mmoja, na tangu hapo baba yangu alianza kupiga pasi mashati. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilinuna. Mara ya pili nilimsikia akicheka kwenye simu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama alipofariki, na nikaacha kununa. Nilitaka baba yangu aoe. Nalisema wazi, kwa sababu katika hadithi hii nilikuwa peke yangu niliyelitaka kwa sauti.

Lakini Rosalie ana dada mkubwa, yaya kama tusemavyo, Yaya Kabedi, na huko kwao Yaya Kabedi ndiye sheria. Alitangaza kwamba mwanaume wa kwenye simu si mwanaume. Aje Kakanda, asimame kwa miguu yake mbele ya ukoo, aombe kwa mdomo wake. Siku ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Ya pili ilikuwa Jumamosi hiyo. Ya tatu, alisema Yaya Kabedi, haipo.

Kwa hiyo nilikuwa na siku chache za kuthibitisha kwamba mtaa unaweza kuwaka bila baba yangu.

Njia ya sayansi wanafunzi wangu wanaikariri kama sala: unauliza swali, unatoa dhana, unabadilisha kitu kimoja tu, unaangalia kinachotokea, na unakubali jibu hata likikuchukiza. Swali lilikuwa wazi. Kitu cha kubadilisha kilikuwa wazi vilevile: mtu mwingine akae kwenye kiti. Na hapo ndipo sayansi ilipogonga ukuta, maana kwetu hakuna anayekalia kiti cha mwenye nyumba angali hai. Ukikikalia, umemwambia mbele ya watu kwamba unangoja afe. Niliuliza nani atajitolea, na sebule nzima ikatazama miguu yake. Mimi mwenyewe, na diploma yangu, sikuthubutu. Nilikisogelea mara moja, wakati wa kukatwa umeme, watu wote wakiwa nje. Nikagusa mkono wa kiti, nikatoka.

Nikaamua kutumia mifuko ya unga. Mama Josée alikubali kuniazima mifuko yenye uzito wa Papa, kwa sharti kwamba jaribio liwe fupi na lifanyike foleni ikiwa imeisha. Siku ya Alhamisi tulimwinua Papa, mtaa ukazimika, na tukapanga mifuko juu ya kiti, mmoja juu ya mwingine, sawasawa. Hakuna kilichowaka.

"Haina veste," mstaafu mmoja akasema. "Shi Papa anaikalaka na veste."

Nilitaka kukataa, lakini kwa haki alikuwa na hoja: kama unabadilisha kitu kimoja, badilisha kimoja. Tukaivika mifuko koti la Papa. Hakuna. Tukaweka na kofia. Hakuna. Pasta Rolly akachomoa rozari kwenye shati la Papa kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya, akaiweka kwenye mfuko wa koti, na akasubiri kuliko sisi sote. Hakuna. Papa alikuwa amesimama kando akijitazama, mzee wa unga mwenye kofia, na sura yake haikuonyesha kama anafurahi au anahuzunika.

Alipokaa tena, mtaa uliwaka, na watu waliimba.

"Sayansi ya Madame imeanguka," alisema Mama Josée bila ubaya, akibeba mifuko yake.

"Haijaanguka. Imejibu. Imesema uzito peke yake hautoshi."

"Sasa si njo bile tulisema?"

Usiku ule sikula. Asubuhi nikiwa nafunga vifungo vya blauzi kwenda shuleni, nilimwangalia baba yangu pale kwenye kiti na nikaona jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote. Papa hakai wima. Nyonga ya kulia inamuuma, kwa hiyo huegemea kushoto, kiwiko kwenye mkono wa kiti, mwili wote juu ya mguu mmoja wa nyuma. Mifuko yangu ilikaa kama wanakwaya. Unga hauna nyonga.

Nikakimbia kuwaambia. Nikaomba jaribio la pili, mifuko ileile, imeegemezwa kushoto. Wakakataa. Jaribio lilikwisha kufanyika, wakasema, na kila mtu aliona, na unga umeshanunuliwa. Niliwaeleza kwamba jaribio lililoshindwa ndilo linalokuonyesha jaribio linalofuata. Wakasema wanafunzi wangu wana bahati mbaya.

Jumamosi Papa aliamka mapema, akavaa suti yake ya kahawia, akapaka mafuta viatu, akakaa. Gari la Kakanda lilikuwa linaondoka asubuhi. Mama Josée akaomba amalizie kwanza mahindi ya mteja mmoja aliyetoka mbali. Pasta Rolly alikuwa na mkutano wa injili na wageni, akaomba waimbe wimbo mmoja tu. Mwenye friji ya samaki akaomba barafu ishike. Kila ombi lilikuwa dogo. Nilimwambia Papa asimame tuondoke, nikamshika mkono, nikamvuta. Hakuvutika. Gari likaenda, la mchana likaenda, na jua lilipoanza kushuka simu yake iliita mfukoni na hakuipokea.

Nilikuwa na hasira ya kuvunja sahani.

"Papa, hakuna mtu aliyekufunga kamba."

"Batu banateseka, Fidélie."

"Usiniambie mambo ya watu. Ungetaka kusimama, ungesimama."

Alichungulia mlangoni kama kuna mtu. Kisha akabonyeza mguu wa nyuma wa kiti kwa kisigino, polepole, na chini yetu kukasikika mlio mdogo. Taa ikacheza.

"Naisikiaka toka siku ya kwanza," akasema. "Inafanya tak. Minye na courant tulifanya kazi mingi, tunajuana."

"Ulijua? Ukaniacha nivike unga koti?"

"Toka mama yako alikufa, nani alipigaka hodi hapa? Sema jina moja."

"Wanakuja kwa ajili ya umeme, Papa."

"Najua. Lakini banakuja." Alitazama viatu vyake vinavyong'aa. "Kule Kakanda minye ni muzee mumoja na nyonga mubaya. Yaya Kabedi ataniangaria kutoka kichwa mpaka ku miguu, halafu atasema hapana mbele ya batu. Hapa, nikikohoa tu, avenue nzima inaniita jina."

Hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda tena. Nilikaa sakafuni karibu na kiti na nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Niliumia. Kumbe kilichokuwa kinamshika baba yangu si mtaa. Alikuwa amepata mahali pa kujificha, na mimi nilikuwa nahangaika na unga.

Jumapili baada ya misa pikipiki mbili zilisimama mbele ya nyumba. Kwenye ya kwanza alikuwa Yaya Kabedi, amekaa upande na mkoba mapajani, na kwenye ya pili Mama Rosalie, mwanamke mnene mwenye uso mwema, ila siku hiyo uso haukuwa mwema. Waliingia bila kuvua vitambaa vya vumbi.

Papa aliinuka nusu kuwasalimia. Mashine ya Mama Josée ikakohoa. "Muzee," ikaja sauti kutoka nyumba ya nne, na Papa akarudi chini.

"Muntu gani anapokeaka bageni na matako ku kiti?" akauliza Yaya Kabedi.

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, naamini, kiungo, bamba na nyonga, huku watu wakijaa mlangoni kusikiliza na kunisahihisha. Yaya Kabedi alisikiliza mpaka mwisho na uso wake ulionyesha kwamba katika maisha yake ameshasikia visingizio vingi vya wanaume, lakini hiki alikuwa hajakisikia.

Rosalie hakunisikiliza mimi. Alikuwa anamtazama Papa.

"Évariste. Ni hii kiti njo ilikukataza kukuja?"

Papa alijibu kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na woga," ndivyo nilivyosoma midomoni mwake, lakini bafle la Pasta Rolly lilikuwa limeanza kupimwa, moja mbili, moja mbili, na hakuna aliyemsikia.

"Basi toka. Minye nitaikala," akasema Rosalie.

Watu mlangoni walivuta pumzi. Hata Yaya Kabedi alishika mkono wa mdogo wake. "Rosalie. Ni kiti ya muntu muzima, hajakufa."

"Sina haraka ya kumuzika, yaya. Niko na haraka ya kumusikia."

Kila mtu akamtazama Papa. Alikuwa na haki ya kukasirika, na wengine walitamani akasirike. Lakini baba yangu aliweka mikono yote miwili kwenye kiti, akajiinua taratibu mpaka mwisho, na mtaa mzima ukafa, mashine, bafle, redio ya kinyozi. Akapangusa kiti kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Ikala, mama," akamwambia Rosalie.

Nilijua nafasi hiyo haitarudi. "Ngojeni," nikasema, nikijiweka kati ya Rosalie na kiti. Dhana isiyosemwa kabla ya jaribio haina thamani. Baada ya jaribio kila mtu ni nabii. "Akikaa wima, hakutawaka. Akiegemea kushoto, kutawaka. Nimesema kabla. Mmesikia nimesema kabla."

"Tumesikia," akasema Mama Josée, ambaye alikuwa amefika na unga wake kwenye nyusi.

Rosalie akakaa, wima, mikono mapajani. Tukangoja. Hakukuwa na kitu. Mlangoni mtu alianza kucheka.

"Sasa kushoto, mama. Weka kiwiko."

Akaweka kiwiko, akalaza mwili. Chini ya sakafu kukasema tak. Taa ikawaka, na nyumba ya nne mashine ikanguruma ikiwa tupu.

Niliwageukia wote. Sikuwa nimewahi kuwa na furaha ya aina hiyo darasani. "Mmeona? Kiti hakimjui mtu. Si mifupa, si rozari, si neema. Ni mguu wa nyuma wa kushoto."

Waliitikia kwa vichwa, na nikadhani wameelewa. Kisha mstaafu mmoja akavua kofia.

"Batu babili, courant moja," akasema kwa mshangao. "Mungu njo amewaunganisha."

Watu wakaitika amina, hata Wakatoliki. Pasta Rolly akaondoka mbio kwenda kutangaza habari kwenye bafle, Mama Josée akakimbilia mashine yake, na mimi nikabaki na dhana yangu iliyothibitishwa, peke yangu kabisa.

Basi ikawa hivi. Rosalie alikuwa kitini, ameegemea kushoto. Papa alikuwa amesimama katikati ya sebule, ndani ya suti ya kahawia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo umeme ulikuwapo naye hakuwa na kazi. Alitafuta mahali pa kuweka mikono, hakupata. Hakuna aliyemwita jina. Nilimwonea huruma na sikumsaidia.

"Njo amesimama," akasema Yaya Kabedi. "Mudomo iko nayo. Aseme."

Papa akasema. Niliona midomo ikienda, lakini mashine ilikuwa inasaga mahindi ya mtaa mzima, kinyozi alikuwa amefungua redio yake, na bafle lilikuwa linashukuru kwa lugha mbili.

"Sisikie," akasema Rosalie.

Papa akakohoa, akaanza upya, na kwaya ikaingia. Rosalie aliweka kiganja sikioni, kiwiko kingine bado kwenye mkono wa kiti, mtu wa wajibu. "Nini?"

Baba yangu, ambaye hazungumzi anapokula, alivuta pumzi na kuanza kupiga kelele. Mishipa ya shingo ilimtoka. Maneno hayakufika hata kwangu. Na Rosalie, ambaye alikuwa ametoka Kakanda kwa pikipiki kwa ajili ya maneno hayo na si mengine, akachoka kutega sikio. Akainuka kwenye kiti ili akamsikilize kwa karibu. Hakuna aliyefikiri. Mimi mwalimu wa fizikia sikufikiri.

Mashine ikafa. Redio ikafa. Bafle likafa katikati ya haleluya. Na juu ya mtaa mzima, uliokuwa kimya ghafla toka kabini hadi kanisani, ikabaki sauti ya baba yangu peke yake, imepandishwa mpaka mwisho, haikupata nafasi ya kushuka:

"—naogopa kufia mu hii kiti peke yangu, Rosalie. Kuja tuikale babili."

Nilisikia kuku akitembea kwenye mabati. Papa alisimama na mdomo wazi. Alijikuna sikio kama mtoto aliyekosea, na nilijua kwamba kila dirisha la mstari wetu limesikia.

"Nani ametoka mu kiti?" ikaja sauti ya mbali ya mteja kwenye foleni.

Hakuna aliyemjibu. Rosalie alikuwa amefika mbele ya Papa. Alimtengenezea kola ya shati, ambayo haikuwa na ubaya wowote.

"Nimesikia," akasema. "Sasa njo nimesikia."

Yaya Kabedi alimtazama baba yangu kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyopakwa mafuta tangu jana yake, akarudi juu, na akavua kitambaa chake cha vumbi. Kwa mazoea Papa alinyoosha mkono kutafuta kiti nyuma yake. Yaya Kabedi akakisogeza mbali kwa mguu.

Ndipo Mama Josée alipotokea mlangoni, unga kwenye nyusi, mdomo umeshajaa ugomvi. Alimwona Papa amesimama na Rosalie amemshika mkono. Akajifuta uso, kisha akageukia foleni yake iliyokuwa imemfuata hadi uani.

"Mukuye kesho," akawaambia. "Leo hakuna courant."

Umeme ulikuwapo. Mimi ndiye mwalimu, najua: ulikuwa umeshafika chini ya sakafu yetu, unangoja mtu akae, pamoja na foleni yote ya Mama Josée.